Udhuru wa Mzee Miwani

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na leo hiihii nimehamishiwa chumba cha marehemu. Sikuomba. Bwana Mdogo alinisimamisha kwenye ngazi akasema, "Wakili, hamia kwa Mzee. Chumba kikikaa kitupu wateja wanaingiwa na hofu." Nilitaka kumjibu kwamba hata mimi nina hofu. Nikabeba mafaili yangu, chungu changu cha maua na viatu vyangu vya mahakamani, nikahama.

Kampuni yetu ya mawakili ni ya ndugu wawili. Mzee Miwani, kaka mtu, ndiye aliyeianzisha. Bwana Mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, ndiye aliyebaki nayo, maana Mzee tulimzika mwezi uliopita. Jina la Miwani hakupewa bure. Kutwa alikuwa anaitafuta miwani yake huku imekaa juu ya kipara, na sisi tunacheka mpaka machozi.

Kiti chake kimebonyea upande wa kushoto, alikozoea kuegemea. Nilipokaa, nami nikaenda kushoto. Nikainuka haraka. Nimeona bora niwe naandika humu, kwa sababu chumbani mle nikikaa kimya nasikia mambo.

Jumanne, 4 Machi

Bi. Taipu, katibu wetu, amesukuma mlango asubuhi na kikombe cha chai mkononi: "Shikamoo Mzee." Tukatazamana. Akaanza yeye kulia, nikafuata mimi, chai ikapoa.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimejiaibisha mbele ya umati.

Sisi mawakili tuna desturi ya kushikiana. Mwenzako akibanwa na kesi mahali pengine, unasimama wewe mbele ya jaji, unataja jina lake, unasema ana udhuru, unaomba tarehe nyingine. Wewe ni mdomo tu. Miaka hii miwili ya mwisho nimekuwa mdomo wa Mzee hasa. Kila asubuhi: "Nenda kanishikie, binti yangu. Twende taratibu." Nilikuwa nikinuna kimoyomoyo. Nimesoma sheria nikaishia kuwa tarishi mwenye joho!

Basi leo kesi imeitwa, nimesimama, na ulimi ukajiendea wenyewe: "Mheshimiwa, nasimama kwa niaba ya wakili msomi mwenzangu," nikalitaja jina lake kamili, herufi kwa herufi, "ambaye ameshindwa kufika. Ana shughuli katika mahakama nyingine."

Ikasikika mvua tu juu ya paa. Kisha sauti kutoka nyuma ikasema, "Hiyo mahakama nyingine haina rufaa, dada." Watu wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze mzimamzima.

Jaji, mama mmoja mkavu asiyependa mchezo, hakucheka. Akaniambia nikae, ninywe maji. Nilipotulia akasema, "Wakili, pole kwa msiba. Lakini nikueleze mapema. Kesi hii imeahirishwa kupita kiasi, na kila mara ni upande wenu uliokuja kuomba. Nasikiliza Ijumaa ya tarehe ishirini na tano Aprili. Siku hiyo sitaki udhuru."

Kesi yenyewe ni ya Mshonaji. Mume walipoachana alimchukua mtoto wao wa kike, akiwa na miaka mitatu, eti anampeleka likizo kwa shangazi yake. Likizo hiyo haijaisha mpaka leo. Sasa mtoto ana miaka mitano na kitu. Leo Zege, wakili wa baba (tunamwita Zege kwa sauti yake, akiongea unadhani mtu anachanganya kokoto), ametangaza kwamba mteja wake amehamishwa kikazi. Mvua zikiisha anaondoka na mtoto na huyo shangazi kwenda mbali, nchi nyingine kabisa.

Mshonaji alikuwa amekaa benchi la mbele na mfuko magotini. Tulipotoka akanifungulia: gauni dogo la njano, kola nyeupe. "Kila tarehe ya kesi namshonea, nikisema leo nitamwona nimpe. Tunaahirisha. Nikija kulipima kwa mtoto wa jirani, limeshakuwa dogo. Nimeacha kukata kwa vipimo, Wakili, nakata kwa kukisia."

Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Twende taratibu, mama."

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Stoo ya mafaili inavuja. Kuna bomba ndani ya ukuta wa chumba changu linaloshusha maji ya paa. Mvua ikizidi linakohoa mara mbili, linanyamaza. Ndivyo Mzee alivyokuwa akikohoa kabla ya kumwita mtu. Leo limekohoa nikaitika, "Naam, Mzee." Kwa sauti kabisa. Bi. Taipu amesikia.

Alhamisi, 13 Machi

Bwana Mdogo amenifungia mlango, akanikalisha. Anataka kunifanya mshirika katika kampuni. Jina langu litapakwa mlangoni, chini ya lake na la Mzee. "Kaka alikupenda," alisema. "Alikuwa anakupeleka kila mahali. Wewe ndiye uliyemjua." Akaniomba pia niandike hotuba. Mahakama itakaa kikao maalumu cha kumkumbuka Mzee, Jumatano ya tarehe ishirini na tatu Aprili, majaji na mawakili wote. Yeye atazungumza kwa niaba ya familia, mimi kwa niaba ya kampuni.

Nilirudi nyumbani nikielea. Nikamwambia Mama. Mama aliacha kuchambua mchele, akanitazama juu mpaka chini.

"Mshirika wa nani? Wa aliye hai au wa maiti?"

"Mama jamani!"

"Nauliza tu. Tangu uhamie chumba kile umeanza kukohoa kabla ya kuongea."

Jumatano, 19 Machi

Mteja wa zamani amepiga simu, anamtaka Mzee. Mzee wa watu, sauti inatetemeka, anasema kesi yake ilikwisha zamani, anataka kumsalimia tu. Nimeshindwa kumwambia. Nimesema ana udhuru. Akasema, "Haya, mwambie apone haraka."

Apone? Nilijiuliza kwa nini amesema apone. Kisha simu nyingine ikalia.

Ijumaa, 28 Machi

Nimejikuta napapasa kichwani natafuta miwani. Sivai miwani mimi.

Nimempenda sana leo, Mzee, nikiiandika hotuba yake. Jinsi alivyokuwa akiwainamia mashahidi waoga, anawauliza kwanza wamekula nini. Jinsi alivyonisubiri nje siku ya kesi yangu ya kwanza, nikatoka nimeshindwa, akasema, "Umeshindwa vizuri. Wengine huwa wanashindwa ovyo." Nimeandika kurasa nyingi, nikafuta nyingi. Mtu kama yule haandikwi mara moja.

Jumatano, 2 Aprili

Nitaandika yalivyotokea.

Mjane wa Mzee amekuja asubuhi kuchukua joho la marehemu, lililokuwa bado linaning'inia nyuma ya mlango wangu. Alikuwa amelowa mabega. Nikamwamkia, nikamvutia kiti, akakataa kukaa. Akalishusha joho, akalikunja taratibu kwenye meza, mkono hapa, mkono pale.

"Mwishoni alikuwa analivaa nyumbani," alisema. "Analivaa sebuleni, ananiuliza, mahakama iko wapi? Namwambia leo ni Jumapili, baba. Anatulia. Baada ya dakika ananiuliza tena."

Nikadhani anazungumzia wiki ya mwisho, alipokuwa kitandani. Nikasema, "Homa ile ilimsumbua sana, mama."

Akaacha kukunja. "Homa gani? Mwanangu, mume wangu alianza kusahau tangu mwaka juzi. Alikuwa ananiita kwa jina la dada yake. Kwani ninyi hamkujua?" Alinitazama usoni akaona jibu. "Si ndiyo sababu mlikuwa mnamshikia? Shemeji aliniambia ofisi nzima mnajua, mnamsaidia. Nami nikawa nawaombea wote."

Nilishika ukingo wa meza. Bomba likakohoa ukutani. Mjane naye akaligeukia, kichwa kikashtuka hivi, kama mtu aliyeitwa. Tukabaki tunautazama ukuta, wanawake wawili wazima.

Alipoondoka nilifunga mlango. Yote yakaanza kurudi. Siku ile kwenye maegesho ya mahakama, mvua kama hii, alipokataa kushuka garini. "Nishikie leo, kichwa kinaniuma." Mkono wake umeshika kitasa cha mlango, haufungui, hauachii. Mimi nikamwona mvivu! Nikabamiza mlango nikaenda zangu. Alikuwa anaogopa. Ndani mle alikuwa hajui akisimama watamuuliza nini, hajui mteja ni nani. Na ile miwani! Tumeicheka miaka miwili miwani ile.

Nimelia kwa hasira kwanza, halafu kwa huruma, halafu kwa hasira tena, maana nimemkumbuka Mshonaji.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimemvamia Bwana Mdogo kabla hajavua koti.

"Ulijua."

Hakuuliza nimejua nini. Alikaa. "Ulitaka nimfanyeje? Nimtangaze? Yule ndiye aliyenilea. Alinisomesha, akanifunga tai ya kwanza kwa mikono yake. Unataka mawakili wa mji huu wamcheke kwenye korido?"

"Ungewapa wateja wake mawakili wengine."

"Wangeuliza kwa nini. Nilidhani ni miezi michache. Nilidhani dawa zitasaidia." Alifuta uso. "Halafu ikawa mwaka. Halafu nikashindwa pa kuanzia."

"Na Mshonaji? Zege atasema nini tarehe ishirini na tano? Atasema mama huyu kila akiitwa anaahirisha, mama huyu hamtaki mtoto wake. Na maneno ya kuomba ahirisho yote yametoka kinywani mwangu!"

"Sema alikuwa mgonjwa."

"Nani?"

"Mshonaji."

Niseme mimi kwamba Mshonaji alikuwa mgonjwa, wakati alikuwa amekaa benchi la mbele kila mara, mzima, mfuko magotini! Nilitoka bila kumuaga. Ningebaki ningetukana mtu mzima.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Bi. Taipu anasema fundi wa kupaka jina langu mlangoni anasubiri mlango ukauke.

Jumatano, 9 Aprili

Mama ameona silali, sili. Nimemsimulia yote. Nikamwambia nikisema ukweli mbele ya jaji namvua nguo marehemu, namuua Bwana Mdogo, naupoteza ushirika, na pengine kazi yenyewe. Nikinyamaza, mtoto anapanda ndege.

Mama akasema, "Sasa hapo unauliza nini?"

"Mama, yule mzee alinilea kikazi."

"Basi mlilie. Nani amekukataza kumlilia? Mlilie ukimaliza kazi." Akarudi kwenye mchele wake. Mama yangu angekuwa jaji, mahakama zingefungwa saa nne asubuhi.

Jumanne, 15 Aprili

Nimemwambia Mshonaji. Nimekwenda mwenyewe kibandani kwake, nikakaa kwenye kigoda katikati ya vitambaa vya sare za shule. Nikasema yote bila kupaka mafuta.

Aliusimamisha mguu juu ya cherehani. Kisha, "Kwa hiyo alikuwa hanijui?"

"Siku nyingine alikuwa anakujua. Siku nyingi, hapana."

"Alinishika mikono yote miwili akaniambia, mama, mtoto wako atarudi. Nilikuwa naishi kwa neno lile." Alikata uzi kwa meno. "Na wewe ulikuwa unasimama pale unasema nini? Unasema mzee ana kazi mahali pengine. Mimi nikajisemea, huyu mzee ana kazi nyingi, lazima ni hodari."

"Nisamehe, mama. Sikujua."

"Najua hukujua. Sina mtu wa kumkasirikia, ndicho kinachoniumiza. Aliyefanya amekufa, tena alikuwa mgonjwa. Sasa hasira hii niipeleke wapi?"

Nikamwambia anipe ruhusa ya kusema mahakamani. Akasema, "Nikupe ruhusa? Wakili, usiposema wewe nitasema mimi, na mimi sijui kusema kwa adabu."

Jumatatu, 21 Aprili

Usiku wa jana na leo yote mvua. Nimemwambia Bwana Mdogo nitakachosema Ijumaa. Sikutaka kumvizia. Aliendelea kusafisha viatu vya kikao cha keshokutwa.

Jumatano, 23 Aprili

Kikao cha kumkumbuka. Ukumbi umejaa majoho meusi yanayonuka unyevu. Majaji wamekaa safu moja, mjane mbele, mikono imefungamana.

Wamezungumza wengi. Zege amelia, sitamficha, amelia machozi ya kweli, akasema Mzee ndiye aliyemfundisha kumwacha shahidi apumue. Mimi nimesoma hotuba yangu yote, kuhusu waoga, kuhusu kushindwa vizuri. Kuna mstari Bwana Mdogo aliuongeza kwa kalamu yake, kwamba akili ya Mzee ilikuwa kali kama wembe hadi siku ya mwisho. Nilipoufikia nikauruka. Hakuna aliyegundua ila yeye.

Basi alipopanda yeye, akausema mwenyewe. Tena aliurudia. "Hadi siku ya mwisho, waheshimiwa. Hadi siku ya mwisho." Alikuwa ananitazama mimi. Karani akayaandika yote, maana kikao kile nacho kinaingia katika kumbukumbu za mahakama.

Mjane hakuinua uso.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimefika, nimekaa, nitaandika mpaka mwisho ndipo nile.

Asubuhi Bwana Mdogo alikuwa tayari ukumbini, benchi la nyuma, na joho lake. Hakuwa na kesi yoyote leo. Nikajua amekuja nimwone. Ni rahisi kusema neno gumu mtu asipokuwepo.

Zege alianza, na alianza kama nilivyoogopa. Akaisoma orodha ya maahirisho, tarehe baada ya tarehe, na baada ya kila tarehe anasema, "Kwa maombi ya mama." Kwa maombi ya mama. Kwa maombi ya mama. Sauti ile ya kokoto. Mshonaji alikuwa anatikisika mabega. Mwisho Zege akageuka: "Mheshimiwa, mama anayemtaka mwanawe hangoji miaka miwili. Shangazi ndiye amemfundisha mtoto huyu kusoma, kuoga, kusali. Tusimng'oe."

Nikasimama. Wakili hatoi ushahidi katika kesi anayoisimamia, hata mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa kwanza analijua hilo. Nikapiga moyo konde.

"Mheshimiwa, maahirisho yale hayakuombwa na mama. Niliyaomba mimi, kwa kumshikia mwenzangu. Nilisema ana kazi mahakama nyingine. Hakuwa na kazi popote. Alikuwa mgonjwa wa kusahau, kwa miaka miwili, na kesi hii aliisahau. Mteja alikuwa hajui. Nami nimejua mwezi huu. Adhabu ya hilo iwe yetu, isiwe ya mama."

Minong'ono ikapanda kama maji yanayochemka. Zege akaruka. "Mheshimiwa! Juzi tu, humu humu, tumesikia kwa kinywa cha mdogo wake marehemu kwamba akili yake ilikuwa kali hadi siku ya mwisho. Imeandikwa! Leo wakili huyu anamchafua mfu ili ashinde kesi?"

Jaji aliweka kalamu chini. Akainua macho polepole, akayapitisha juu ya vichwa vyetu mpaka nyuma kabisa.

"Wakili, nakuona umekaa pale. Hukuitwa na hulazimiki. Lakini nakuuliza kama ofisa wa mahakama hii. Ni kweli anayosema mwenzako?"

Sikugeuka, niliogopa. Nilisikia benchi likilia, mtu anasimama. Kisha mvua. Kisha mvua tena.

"Mheshimiwa," akasema Bwana Mdogo, na sauti haikuwa yake, ilikuwa ya mtu mdogo sana. "Wa kwanza kusahauliwa naye ni mimi. Tulikuwa tunakula chakula cha mchana ofisini. Akaniuliza nimetoka kampuni gani, na kama nyumbani kwetu nina ndugu."

Akashika mgongo wa benchi lililo mbele yake.

"Nikamwambia ninaye mmoja," akasema. "Nililosema Jumatano halikuwa kweli. Naomba lifutwe."

Jaji akamwambia karani afute. Kisha akasema atatoa uamuzi tarehe tisa Mei, na kwamba kabla ya hapo atazungumza na mtoto faraghani, ofisini kwake. Zege akakusanya makaratasi kimya. Alipopita mbele yangu akasema kwa chini, "Mimi naye tulikunywa kahawa mwaka jana. Aliniita kwa jina la baba yangu. Nilidhani ananitania."

Jumatatu, 28 Aprili

Bwana Mdogo amekuja chumbani, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Sijui kama nitakusamehe," alisema. "Ulisema kweli, na sijui kama nitakusamehe. Siwezi kukuona kila siku kwenye kiti kile."

"Najua, kaka." Ni mara ya kwanza kumwita kaka.

Hakunifukuza, mimi sikujiuzulu. Tumekubaliana tu kwamba mwisho wa mwezi ni keshokutwa. Kesi ya Mshonaji naondoka nayo.

Jumatano, 30 Aprili

Nimehamisha mafaili machache na chungu cha maua. Bi. Taipu amenisindikiza mpaka ngazi ya chini. Nilikaa kwa mara ya mwisho kwenye kiti kile, nikaegemea kushoto kabisa, alikoegemea yeye, nikasema, "Pumzika, Mzee. Hakuna anayekuita." Ni ujinga, najua. Nimejisikia nafuu.

Jumapili, 4 Mei

Jua nusu siku. Mama ameanika magodoro yote, hata lisilo letu.

Ijumaa, 9 Mei

Tumeshinda.

Jaji amesoma uamuzi kwa muda mfupi. Mama hakukosea lolote, kucheleweshwa kusiwe hatia yake, mtoto akae na mama yake kuanzia leo, baba amwone likizo. Mshonaji hakupiga kelele. Alinishika mkono, kucha zikaniingia.

Tukatoka kwenye korido. Shangazi mtu alikuwa amekaa kwenye benchi na mtoto, begi dogo la shule pembeni. Mwanamke yule nilimchukia miezi yote hii, nikamtazama leo nikaona macho yamevimba kwa kulia, na anamfunga mtoto kamba ya kiatu, anaifungua, anaifunga tena. Hatimaye akamsukuma kidogo mgongoni. "Haya, nenda. Ndiye yule."

Mtoto akaja peke yake, hatua ndogo ndogo. Amekua jamani. Amesukwa vizuri. Mshonaji alipiga magoti pale kwenye sakafu yenye matope ya viatu vya watu, mikono wazi. Mtoto akasimama mbali kidogo na mikono ile, akainamisha kichwa kwa adabu kama alivyofundishwa kuwafanyia wageni.

"Shikamoo."

"Marahaba," akasema Mshonaji. "Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Mtoto akamtazama sana. Akanitazama mimi, kisha akarudi kwake. "Nitarudi nyumbani saa ngapi?"

Mshonaji aliinua uso kwangu. Nilikuwa na majibu mengi, ya kisheria na ya kumtuliza. Sikufungua mdomo. Mikono yake ilikuwa bado wazi. Niliiona ikishuka polepole mpaka magotini.

"Hata mimi sijui, mama," akamwambia. "Twende kwanza. Ukichoka kukaa utaniambia, tutakaa tunaisubiri hiyo saa wote wawili."

Mtoto akafikiri. Akaliokota begi lake, akalivaa mabegani mwenyewe, akatangulia mbele.